Mutoto Aliyeachishwa Ziwa Kwangu

Mwaka wenyewe ni ule wa bunga ya njano. Kompanyi ilikosa bunga nyeupe ya mahindi ya posho, ikatugawia ile ya njano, na bukari tuliyoisonga ilikaa tumboni kama tofali. Bwana wangu, muntu wa kiwanda chake cha shaba, alisema hata wafungwa wa gereza la Buluo wangeitema. Mwaka huo binti yangu aliniletea mutoto wake nimwachishe ziwa.

Ni desturi yetu. Mutoto aking'ang'ania ziwa, anapelekwa kwa nkambo yake, mama wa mama yake, analisahau, kisha anarudi kwa mama. Lakini mama wa huyu alikuwa anakwenda Kisangani kutafuta doktora, ile diploma ya juu kabisa ya chuo kikuu. Mimi niliishia darasa la tatu. Niliringa mpaka shingo ikauma.

Jirani akanikuta kwenye bomba.

"Doktora ya nini, mama?"

"Ya watoto wa kwanza primeri. Vile wanaanza kusoma."

"Yo! Aende mbali vile kusomea kamasi?"

"Ndiyo. Na za watoto wako atazisomea."

Nikabeba ndoo yangu.

Ziwa lilisahauliwa upesi. Nilimutafunia mutoto samaki wa Tshangalele, nikitoa miiba kwa meno yangu. Akaanza kuniita mama. Ningeweza kumwambia, "Minye si mama, minye ni nkambo." Sikumwambia. Lilikuwa neno tamu, na watoto wangu wote walikuwa wamekwisha kukua. Binti yangu alipokuja likizo, mutoto alijificha ndani ya kikwembe nilichojifunga.

Aliporudi na doktora yake, mutoto alikuwa tayari kwa masomo. Binti yangu alikaa naye chini, wakahesabu maharage, wakachora herufi kwenye vumbi la lupango, nje ya mulango. Mutoto alishika kila kitu haraka. Alimujibu vizuri, kwa heshima, mikono nyuma: "Ndiyo, madame."

Jioni binti yangu akanifuata kwenye mbabula ya makaa, nikisonga bukari.

"Mama, watoto wa watu wananikimbilia. Wangu ananiita madame."

"Atazoea."

"Hatazoea wewe ukiitika. Akikuita mama, nyamaza. Wiki moja tu. Atanitafuta mimi."

"Hiyo ndiyo walikufundisha kule?"

"Hapana, mama. Hiyo ninakuomba."

Sikugeuza kichwa. Nilikandamiza mwiko.

"Mutoto akiniita, minye naitika."

Binti yangu alikwenda Lubumbashi peke yake, kufundisha wale watakaokuwa walimu. Mutoto alimupungia mukono vizuri sana. Leo walimu vijana wananisalimu njiani, "Mama ya doktora!", nami natembea polepole ili wengine wasikie. Lakini nyumbani mujukuu wangu, sasa musichana mukubwa, anamumiminia mama yake chai kama mugeni, kikombe kile kizuri, na kumuuliza kama safari ilikuwa njema.

Noeli iliyopita tulikuwa wawili jikoni, binti yangu na mimi, tukichambua majani ya sombe. Nywele zake zimeanza kuwa nyeupe. Akasema, bila hasira:

"Mama, ile wiki moja ingekuuma nini?"

Nilijua alikuwa na haki. Nilijua tangu siku ile ya mwiko. Nikafungua kinywa nimwambie hivyo.

"Mama!" Musichana aliita kutoka nje.

Tukainua vichwa, sisi wawili. Binti yangu akarudisha macho kwenye sombe.

"Niko!" nikajibu. Kisha nikamwambia binti yangu lile lile, kwa sauti ndogo:

"Mutoto akiniita, minye naitika."