Neno la Mjukuu na Goti la Mvua

Mjukuu wangu anayesomea kilimo chuo kikuu alinikuta uani, hapa Kuresoi, nikichambua mbegu za viazi. Nilikuwa nimeamua kupanda kwenye vumbi kabla ya mvua, kwa sababu goti langu la kushoto lilikuwa limeanza kuuma, na goti hilo ndilo redio yangu ya hali ya hewa. Nikamweleza hivyo.

"Shosho, hiyo ni speculative," akasema.

"Ni matusi?"

"Hapana. Ni kitu cha kukisia tu, hakina ushahidi. Ngoja wiki tatu. Simu inasema mvua bado."

Mimi shule niliachia darasa la tatu, lakini neno zuri silitupi. Jumapili nilimwambia jirani kwamba harusi ya kijana wake ni speculative, maana bibi harusi hajaonekana tangu Krismasi. Daktari wa mifugo naye alipapasa ng'ombe wangu akasema labda ana mimba. Nikamwambia hiyo labda yake ni speculative. Aliosha mikono.

Jumatatu nikapanda mbegu zote, sikubakisha hata debe.

Mvua ilifika baada ya wiki tatu. Nilifukua shimo moja nikakuta kiazi kimesinyaa kuliko uso wangu. Mashimo mengine yalikuwa vivyo hivyo.

Mjukuu hakunicheka. Alikuja na gunia la mbegu aliloniombea kwa shangazi yake aliyeko Mau Narok, akaliweka mlangoni.

"Shosho, goti linasemaje leo?"

"Linasema limezeeka," nikamjibu. "Shika jembe."