Pete Chini ya Taa ya Kucha

Rosa Ajwang' alipaka watu rangi za kucha karibu na soko la Kibuye, na hakuwa na ugomvi na mtu mpaka siku alipoingiza mkono wake mwenyewe ndani ya taa ya kukaushia rangi. Taa ile hutoa miale ya urujuanimno, kama wasemavyo wasomi. Kijiwe cha pete yake ya ndoa kikawaka buluu kama moto wa jiko la gesi.

"Mama, hiyo ni almasi!" mteja akapiga yowe. "Nimesoma kwenye simu, almasi huwaka hivyo!"

Jioni ile mumewe Owiti, fundi wa injini za boti, alirudi kutoka Luanda Kotieno akakuta maji moto ya kuoga na kichwa cha samaki, kile cha heshima, kikimngoja. Hakuuliza sababu. Alikula.

Habari ikaenea. Wanawake wakaacha kuleta kucha, wakaleta pete. Ambaye yake iliwaka alitoka akipunga mkono mpaka barabarani. Ambaye yake ilikataa, Rosa alimtikisia kichwa kwa huruma: "Pole, dada. Hicho ni kioo."

Ndivyo alivyomwambia Dorca, mhadhiri wa Maseno. Dorca akaivua pete papo hapo na kumrudishia mchumba wake, Cliff. Kesho yake Cliff akatokea Kibuye amefura, Dorca nyuma yake.

"Wewe ndiye hakimu wa almasi? Twende kwa sonara!"

"Twende," Rosa akasema, akafunga duka. Alitamani hata sonara aione yake.

Mzee Wechuli, sonara, aliikagua pete ya Dorca kwa lenzi, kisha akaigusa kwa kalamu yake ya kupimia. Ikalia.

"Almasi. Inapitisha joto upesi sana."

"Lakini haikuwaka!" Rosa akaruka.

"Nyingi haziwaki, mama. Na vitu vingine vingi huwaka, hata shati jeupe." Akaiomba pete ya Rosa kwa adabu. Kalamu ikanyamaza. Kwa lenzi akaona viputo vya hewa ndani ya kijiwe. "Hiki ni kioo," alisema taratibu, kama mtu anayeleta habari ya msiba.

Dorca alivaa pete yake haraka, akimwomba Cliff msamaha huku amemkazia Rosa macho.

Nyumbani Rosa alimvaa mumewe. "Ulinidanganya!"

"Lini? Nilikuambia nimeinunua sokoni Katito, kwa yule mama muuza hereni."

Ni kweli, alimwambia. Rosa akatafuta pengine pa kushika. "Sasa mbona ulinyamaza siku zote hizi?"

Owiti akaitazama sahani. "Ningeanzia wapi, na wewe unanipakulia hivyo?"

Rosa alitaka kukasirika, kicheko kikamshinda.

Siku hizi humwambia kila mteja kwamba taa yake inajua kukausha rangi tu, mambo ya almasi haiyajui. Wanamsikiliza, wanaitikia, wanaondoka. Kule sokoni inasemekana waume wamemhonga aseme hivyo.