Kiboko Aliyepimwa kwa Mgongo wa Faida

Siku hiyo tulikuwa wanne. Mimi, mdogo wangu Faida, mwenye miaka tisa, Mama Zuhura, mwenye duka la vitenge kule Kimanga, kando ya ziwa hapa Uvira, ambaye hunipa nafasi ya kufumia kazi zangu, na mwanamke mmoja ambaye jina lake silijui mpaka leo. Sisi watatu wa kwanza tuko hai na tutakueleza jambo lilelile. Ukitaka, njoo uulize. Lilitokea saa nne asubuhi, jua likiwaka, kwa hiyo usiniambie kwamba nilikuwa ninaota.

Mimi ni mtoto wa kwanza kwetu. Wazazi walipofariki niliacha shule darasa la sita, nikashika sindano za mama. Nafuma mifuko yenye sura ya wanyama: paka, kobe, bundi. Kazi yenyewe ni maduara bapa. Unaanzia katikati, unaongeza vitanzi kila mzunguko, na duara linakaa kama sahani; ukisahau kuongeza, linajikunja kama kofia. Ukipata mawili yanayolingana unayashona ukingoni, unaacha mdomo wa mfuko, kisha unaweka masikio. Mita ya kupimia sina. Siku zote nilipimia mwili wa Faida: namwekea duara mgongoni, naona kama linatosha. Marehemu mama naye alipimia mgongo wangu vilevile.

Yule mwanamke alikuja Jumatatu na uzi wake mwenyewe, wa kijivu, wenye unyevu, unaonuka tope.

"Miye nataka mufuko ya kiboko," alisema.

"Ya ukubwa gani, mama?"

"Unapimiaka nani?"

"Mudogo wangu huyu."

Alimtazama Faida kwa muda mrefu, kama unavyotazama samaki sokoni. "Basi pimia yeye. Ikuwe sawa na yeye kabisa."

Nikakubali. Niamini, sikuona ubaya wowote. Mteja akikuambia hivyo, wewe ungekataa?

Duara la kwanza lilifika mizunguko ishirini na miwili ndipo likaujaza mgongo wa Faida. "Yaya, iko baridi," alilalamika; yaya ndivyo anavyoniita mimi mkubwa wake. "Inaniuma." Nikamwambia aache uvivu, asimame sawa. Ningekuwa na uwezo, maneno hayo ningeyameza.

Jumamosi mwanamke akarudi. Nilikuwa nimebakiza mshono wa ukingoni tu, akaketi kwenye kigoda kunisubiri. Mama Zuhura alikuwa akikunja vitenge na kunitania.

"Weye, hii kiboko yako iko na tumbo ya depite!"

"Anakula ya watu kama wabunge wote, Mama," nikamjibu, tukacheka.

Mwanamke hakucheka. Nyuma ya duka ziwa lilikuwa limepanda mpaka kwenye ngazi, na Faida alikuwa hapo akiosha masufuria.

"Funga," mwanamke akaniambia.

Nikafunga mshono wa mwisho. Akainuka, akatupita bila kuchukua mfuko, akashuka ngazi na nguo zake zote, akaingia majini. Magoti. Kiuno. Kichwa. Nikafikiri ni mwendawazimu, nikainuka nimzuie, mfuko ungali mkononi.

Kilichoibuka hakikuwa yeye. Kwanza mgongo, wa kijivu, mpana, wa mviringo. Halafu mdomo. Mdomo ulimbana Faida mgongoni na tumboni, ukambamiza kwenye ngazi mara mbili. Nilisikia mbavu zikivunjika.

Mama Zuhura alinitangulia. Alikamata chuma cha kufungia mlango, kwa uzito wake wote akaruka majini, akawa anampiga yule mnyama jichoni na kumtukana. "Achia mutoto! Achia, mbwa weye!" Mnyama akamtema Faida, akamkandamiza kwenye ngazi kwa kifua chake, akageuza kichwa na kuukamata mkono wa Mama Zuhura. Mkono ulivunjika kama kuni.

Nilipokimbia kuwafuata, mfuko ulinaswa na msumari wa mlango. Uzi ukakatika, mzunguko mmoja ukafumuka. Palepale mnyama akanguruma, na ubavuni mwake ukafunguka mstari mwekundu, kama amechanwa kwa wembe.

Nikaelewa. Nikaushika ule uzi, nikavuta. Mzunguko wa pili. Wa tatu. Ngozi yake ilifuata uzi, kutoka ukingoni kuelekea katikati, ikibanduka ukanda kwa ukanda, na maji yakawa mekundu mpaka magotini mwangu. Akamwachia Mama Zuhura, lakini mtoto bado alikuwa chini yake.

Ndipo mnyama alipolia. Alilia kwa sauti ya Faida.

"Yaya, acha! Yaya, ninakufa!"

Faida mwenyewe alikuwa amezimia, midomo imefumbana, nilikuwa namwona. Lakini sauti ilikuwa yake kamili, hata kile kikwazo kidogo alicho nacho kwenye ulimi. Je, wewe ungeendelea kuvuta? Mimi nilivuta. Nilivuta huku nikipiga kelele, mpaka kitanzi cha kwanza kabisa, kile cha katikati. Kilipotoka, hapakuwa na mnyama tena. Kulikuwa na damu, na kitenge cha yule mwanamke kikielea.

Watu walisema ni kiboko tu. Hapa Uvira viboko huuma watu, wala si habari. Sikubishana nao. Faida amepona, lakini mgongoni ana makovu ya mviringo, moja ndani ya jingine. Nimeyahesabu mara nyingi akiwa amelala: ishirini na mawili. Wewe unayefuma, wewe unayeshona, tafuta mita, au hata kamba yenye mafundo. Kazi ya mtu usiyemjua usiipimie mwili wa mtu wa nyumbani kwako. Mimi ndiye niliyemtoa mdogo wangu kwa yule mwanamke. Nilimtoa kwa mikono yangu, mzunguko baada ya mzunguko.

Mama Zuhura alikatwa hospitalini mkono wa kulia, juu ya kiwiko. Tangu hapo mimi ndiye ninayemkunjia vitenge na kumfunga kilemba, na wakati wa swala, mimi Mkristo, namshikia birika achukue udhu. Hajawahi kunilaumu hata neno moja. Juzi nikashindwa kunyamaza, nikamuuliza, "Mama, hii deni nitamaliza kuilipa siku gani?"

Akanyoosha ule mkono uliobaki.

"Mimina maji," akasema. "Saa ya swala inapita."

Nikamimina.