Hotuba Ndefu na Bomba la Gesi

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye kiwanda cha vitanda vya chuma huko Temeke, Fundi Mkuu hakunipa nyundo wala koleo. Alinipeleka nyuma ya stoo, akajaza gesi na hewa kwenye bomba refu, akaliwasha ncha moja. Moto ulianza kwa kujikokota, katikati ukashika mbio, na kule mwisho ukatoa kishindo kilichonikalisha chini bila kuambiwa.

“Nje, moto unatawanyika,” alisema. “Ndani ya bomba unaisukuma gesi iliyo mbele na kuivuruga, nayo inaungua haraka zaidi. Ukipewa njia ndefu unaipita hata sauti. Hapo si moto tena, ni bomu.”

Nikawa mtunza gesi ya kuchomelea. Tuliitengeneza wenyewe kibandani, kwa kudondoshea maji mawe ya kabidi, na ilinuka kama vitunguu saumu vilivyooza. Bomba jipya huwa na hewa ndani, kwa hiyo kabla ya kuwasha tuliiachia gesi ipite mpaka iifukuze hewa yote. Sisi tuliita kulipumulisha bomba.

Viwanda vilipotaifishwa, tukajenga karakana mpya ng’ambo ya uwanja, na bomba lake kutoka kibandani likawa refu, lenye kona nne za kuivuruga gesi. Mgeni rasmi angeifungua kwa kuwasha moto wa kwanza. Meneja Mkuu, aliyejua mafaili kuliko mtu yeyote Temeke, akanikataza kulipumulisha asubuhi ile, eti mgeni hawezi kupokewa na harufu. Nilimweleza jinsi moto unavyoshika mbio. Akanijibu kuwa moto hauna miguu.

Niliogopa, sifichi. Mgeni alishaketi, kiberiti kiko kwenye sahani mbele yake. Nikamwendea Mwenyekiti wa tawi la chama, ambaye hotuba zake ziliwahi kumlaza mlinzi akiwa amesimama.

“Shikamoo, Ndugu Mwenyekiti. Meneja kasema uongee dakika tano tu.”

“Marahaba. Mie, dakika tano?” Alivaa miwani. “Kakae.”

Alianzia enzi za wakoloni. Mimi nikachukua mpira wa gesi uliofungwa mwisho wa bomba jipya, nikapitisha ncha yake dirisha la nyuma, mbali na watu, nikafungua koki. Harufu ikarudi na upepo, mgeni akatoa leso, Meneja akanitafuta kwa macho. Mwenyekiti alipofika kwenye kilimo cha kufa na kupona, hewa yote ilikuwa imetoka. Sijawahi kupiga makofi kwa moyo kama siku ile. Mgeni akawasha, moto wa manjano ukatulia pale pale ulipowashwa, na watu wakaulizia soda.

Baadaye nilipelekwa karakana ya Ubungo, kisha Gongo la Mboto, kote kwenye gesi. Siku ya kuniaga, Ofisa Utumishi alilipekua faili langu akitafuta la kusema. Mwishowe akasema, kwa sauti ya kuomba radhi, “Miaka yote ya Ndugu huyu, hakuna kilichotokea.”

Wenzangu walicheka. Mimi machozi yalinitoka. Waliokaa viti vya mbele siku ile wana wajukuu sasa, na hawajui lolote. Nafurahi mno kwamba hawajui.