Gemu la Zamani Nililomchagulia Dada

Dada yangu aliponipigia simu kuniomba nimtafutie gemu, nilicheka. Ni mtu mzima, mke wa mtu, fundi cherehani anayewashonea sare nusu ya wanafunzi wa Kirando. Mimi nilikuwa ofisini Sumbawanga, idara ya ardhi, nimeinamia ramani ya viwanja vya Malangali iliyokuwa inanisumbua tangu asubuhi.

"Unacheka nini?" akauliza.

"Gemu la nini tena, dada?"

"La kucheza. Mimi huku, wewe huko, kwa intaneti. Si watu wanacheza hivyo? Wiki ya tatu hii nimekaa ndani, nimechoka kutazama ukuta."

Kwamba alikuwa amepumzika nilijua. Mwezi mmoja nyuma aliniambia ana presha, daktari amempa dawa na kumtaka apunguze kazi. Nami nikammwagia ushauri: apunguze chumvi, aache kukaanga samaki kama migebuka kwa mafuta mengi, jioni atembee kidogo kando ya ziwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema asante.

Sisi tulikulia Mbeya. Baba alikuwa karani, na ofisi yao ilipobadilisha vifaa akapewa kompyuta moja kuukuu, nene kama kreti la soda. Ndani yake mtu alikuwa ameacha gemu la vita vya wafalme. Unaanza na wakulima watatu na nyumba moja. Unakata miti, unalima, unajenga ukuta, halafu unaunda jeshi na kwenda kumpiga jirani. Kiti kilikuwa kimoja. Dada alikalia, mimi nikasimama nyuma yake nikingoja zamu ambayo mara nyingi haikufika, maana mama alituita kula kwanza. Baadaye yeye akaolewa Kirando na mfanyabiashara wa dagaa, mimi nikapangiwa kazi Sumbawanga. Mkoa mmoja, ndiyo, lakini barabara yake mvua ikinyesha inakula siku nzima. Tulionana Krismasi na misibani.

Nikaanza kutafuta. Kwanza nilijaribu gemu jipya ambalo vijana wa ofisini walilisifia, la watu wanaoruka kwa miavuli na kupigana risasi. Faili lake lilikuwa kubwa mno. Lilipakuliwa siku nne, na lilipofunguka kompyuta yangu ikaunguruma kama mashine ya kusaga ulezi, kisha ikazimika. Ya dada ilikuwa kuukuu kuliko yangu. Nikageukia la mbio za magari, la miaka mingi iliyopita. Hilo lilifunguka vizuri, magari yakang'aa, lakini nilipobonyeza sehemu ya kucheza na wenzako likaniambia huduma hiyo imesitishwa. Waliolitengeneza walikuwa wamezima mitambo yao na kwenda kwenye mambo mengine. La mpira dada alilikataa kabla sijamaliza kulieleza.

"Mpira nausikia kwa shemeji yako kila siku," alisema. "Tafuta lile letu."

"Lile la kwa baba? Dada, lile limeshakufa."

"Umeangalia?"

Sikuwa nimeangalia. Nilipoangalia nikakuta bado linaishi. Kuna watu, sijui wa nchi gani, walilipenda kiasi cha kukataa lizikwe. Walilirekebisha likubali kompyuta za sasa, wakafungua seva yao wenyewe, na kila siku kulikuwa na watu mia mbili hivi wanaocheza. Lilikuwa jepesi. Lilikula data kidogo sana, hata mtandao wetu wa kusuasua ulilibeba. Nikaliweka kwenye flashi, nikamtumia dada kwa basi, na shemeji akalipeleka pamoja na kompyuta kwa fundi wa simu pale sokoni akamwekea.

Jumamosi ya kwanza tulikaa saa tisa alasiri, kila mtu kwake, simu sikioni. Lilipolia tarumbeta la kuanza, dada alipiga kigelegele hadi nikaiondoa simu sikioni. Tuliingia dhidi ya watu wawili wageni na wakatumaliza kabla hatujajenga hata ghala. Hao watu wamecheza gemu hilo miaka ishirini, wanalijua kama mtu anavyojua njia ya kwenda chooni kwake. Mmoja akaandika kitu kwa lugha tusiyoijua.

"Anasemaje?" dada akauliza.

"Nadhani anatupa pole."

Tukaamua kuachana na wageni. Tukawa tunacheza sisi wawili upande mmoja, dhidi ya maadui wanaoendeshwa na kompyuta yenyewe. Hapo ndipo nilipoanza kumlaumu.

Dada hakuwa yule wa zamani. Alijenga vizuri, mashamba yake yalinyooka, lakini adui akija hamwoni. Wapanda farasi walitokea upande wa kulia wa kioo, wakamchomea nyumba tatu, yeye akiendelea kupanda ngano.

"Dada, kulia! Wako kulia!"

"Wapi?"

"Karibu na mto. Angalia ramani ndogo pale kwenye kona."

"Sioni mtu."

"Utawaona vipi wakati umeshachomewa?"

Nikadhani ni mtandao, kwamba picha inamfikia imechelewa. Nikamwambia abadilishe laini, akabadilisha. Nikamwambia ahamie kibarazani ambako mawimbi yanashika, akahamia. Nikamwelekeza arekebishe mipangilio, aongeze mwanga, awafanye maadui wawe wekundu badala ya kijani. Haikusaidia. Jumamosi moja walimwingilia pande zote mbili kwa pamoja na yeye akawa kimya tu, na mimi, siku hiyo nilikuwa nimegombana na mkuu wangu wa idara, nikamfokea. Nilimwambia kama amelala aseme, nisipoteze alasiri yangu. Nilimwambia hata kuku angeona moto ule.

Hakukasirika. Alicheka kidogo, akasema, "Basi nisamehe. Tuanze upya."

Mwishoni mwa Juni, Sumbawanga baridi imeshika na upepo unapita hadi kwenye mifupa, nikaomba likizo. Nilishuka Kirando nikiwa na waya mpya, kipanya kipya, na nia ya kutafuta mwenyewe ugonjwa wa kompyuta ile. Huko chini kuna joto. Nilivua sweta kabla ya kufika. Dada alinipokea mlangoni na kunikumbatia, akapiga bega kwenye fremu ya mlango alipogeuka kuniongoza ndani. Sikujali, milango yenyewe ni myembamba.

Kesho yake nilimwomba acheze nimtazame. Nikasimama nyuma ya kiti kama nilivyosimama utotoni. Akausogeza uso karibu kabisa na kioo, akaanza kukizungusha kichwa, kushoto, kulia, chini, juu, kila sehemu akiifikia kwa zamu. Maadui waliingia kupitia kona ya chini. Mshale wa kipanya chake ulipita juu yao, ukarudi, ukapita tena. Kichwa chake kilikuwa kimegeukia upande mwingine. Kompyuta haikukwama hata kidogo. Picha ilikuwa safi kama maji.

Nilinyoosha mkono taratibu kando ya uso wake, upande wa kushoto, nikapunga vidole. Hakugeuka. Nikausogeza mbele. Nikausogeza tena. Vidole vyangu vilikuwa karibu kufika mbele ya pua yake ndipo aliposhtuka.

"Unafanya nini?"

"Dada, ile presha yako ni ya nini?"

Akaweka kipanya chini. Wapanda farasi wakaendelea kuchoma.

"Ya macho," akasema.

Nikakaa kitandani. Nilimwambia haiwezekani, jana tu nilimwona akitunga uzi kwenye sindano bila miwani. Akanieleza kwa sauti ile ile anayoelezea vipimo vya suruali. Katikati bado anaona, tena vizuri, sindano anaitunga. Kinachokwenda ni pembeni. Kilianza kwenda bila maumivu, bila yeye kujua, mpaka siku aliyogongwa na baiskeli sokoni ambayo kila mtu aliiona ikija isipokuwa yeye. Hospitali walimpima, wakamwambia jicho la kushoto limeshaharibika sana, la kulia limefika nusu. Dawa ya matone kila siku, maisha yote. Kilichokwenda hakirudi, dawa inakilinda kilichobaki.

"Na shemeji anajua?"

"Anajua. Nilimwapisha asikwambie."

"Kwa nini, dada?"

"Ungefanya nini?"

Nilitazama mkoba wangu wenye waya na kipanya kipya.

"Wote hapa wananishika mkono," akasema. "Shemeji yako ananikatia nyama kwenye sahani. Majirani wakija wanaongea polepole, kana kwamba masikio nayo yanaumwa. Wewe peke yako ndiye uliyebaki unanifokea. Nilitaka anifokee mtu mmoja, hata miezi michache."

Nikalia mbele yake bila aibu. Yeye akaniacha nilie, kisha akaniambia nifunge gemu kwa sababu ghala linaungua na sauti ile inamkera.

Wiki ile nilimpeleka Mbeya kwa wataalamu, nikiamini kwamba huenda huko kuna neno jingine. Neno lilikuwa lile lile. Walimfanyia upasuaji wa jicho la kulia kupunguza presha, na daktari, mama mmoja mpole, alirudia mara tatu kwamba upasuaji huo si wa kumrudishia kuona. Alirudia kwa ajili yangu. Dada alikuwa ameelewa mara ya kwanza.

Niliporudi Sumbawanga nikakaa na gemu lile siku nyingi, nikitafuta kitu chochote cha kufanya. Nikagundua kwamba kwa kuwa ni la zamani, linakubali kuchezwa ndani ya dirisha dogo katikati ya kioo. Haya mapya hujaza kioo chote na ukilipunguza moja linagoma. Nikamwelekeza dada kwa simu jinsi ya kuvuta pembe za dirisha hadi liingie lote ndani ya sehemu anayoiona.

"Hapo," akasema. "Hapo hapo. Eh! Kumbe kuna mto huku?"

Miezi ile ilikuwa mizuri, siwezi kukataa. Alirudi kuwa mkali. Siku moja tulirudi hata kwa wageni, tukawashinda Wabrazil wawili, au watu niliowadhani Wabrazil, na dada akamwamuru shemeji aje aone. Nilimfokea kwa makusudi alipokosea, naye akanirudishia matusi ya kitoto ya Mbeya ambayo sikuwa nimeyasikia tangu shule ya msingi.

Lakini baada ya Pasaka ya mwaka uliofuata akaniambia kwamba kona zimeanza kupotea tena. Tukapunguza dirisha. Matone alikuwa anaweka kwa saa yake bila kukosa, shemeji alishuhudia. Daktari alisema kuna macho ambayo hayasikii dawa. Mwezi wa saba tukapunguza tena. Kila alipoomba, nilimwambia vuta kidogo, vuta kidogo, na nilijua ninachomsaidia kuvuta. Maandishi yakawa madogo mno hayasomeki, askari wakawa kama punje za ulezi. Mara ya mwisho dirisha lilikuwa pana kama kiganja changu. Nilitafuta kwenye mabaraza ya mtandaoni ya wachezaji wa gemu lile, nikaandika kwa Kiingereza changu cha ofisini nikiuliza kama kuna njia ya kukuza watu bila kukuza uwanja. Wengi walijibu kwa wema. Mmoja alijitolea kutengeneza askari wenye rangi kali zaidi, na kweli akawatengeneza, akanitumia. Dada alisema ni wazuri. Sijui kama aliwaona.

Jumamosi iliyofuata aliniambia kipanya amekiacha.

"Cheza wewe, mimi nasikiliza. Niambie tu wanafanya nini."

Basi nikawa nacheza kwa ajili yetu wote. Yeye aliwasha kompyuta yake ili asikie shoka zikikata miti, na mimi nikamweleza kwa simu: wakulima wanavuna, ukuta umefika mtoni, adui ametuma watu saba. Yeye ndiye aliyeamuru. Peleka mishale. Funga lango. Mara nyingi alikuwa sahihi kuliko mimi niliyekuwa natazama.

Alasiri moja upepo ulikuwa mkali Malangali ninakoishi, mabati yakapiga kelele, na umeme ukakatika. Betri ya kompyuta yangu ilishakufa zamani, kioo kikawa cheusi. Simu tu ndiyo ilibaki.

"Wamefika wapi?" dada akauliza.

Nilipaswa kumwambia. Badala yake nikasema wamefika kwenye daraja. Akaniambia niwagawe makundi mawili. Nikasema nimewagawa. Nikamwambia adui amekimbia, lango lake limevunjika, tumeingia mjini, ghala lote ni letu. Niliongea muda mrefu nikitazama kioo kilichokuwa kinanionyesha uso wangu mwenyewe.

"Mdogo wangu," akasema mwishoni. "Huku kwangu sauti ya gemu imekatika tangu darajani."

Nikahamishia simu sikio la pili.

"Si kitu. Endelea," akasema. "Mfalme wao yuko wapi?"

Nikajaribu kumtafuta mfalme wao. Nilifikiri mnara, nikafikiri farasi, nikafikiri msitu. Nikamwambia sijui, dada, kwa kweli sijui yuko wapi. Simu ikabaki hewani, nami nikisikia watu wa kwao wakianua dagaa nje, mpaka shemeji alipomwita kula.