Siku Tulipomwagilia Vumbi

Nikipita sokoni na sare lazima nisikie: "Afande, leo gari lina maji?" Halafu watu wanacheka. Wauza mitumba wanacheka, vijana wa bodaboda wanacheka, hata mama anayeniuzia maharage kila wiki anacheka. Mimi ni dereva wa gari la zimamoto hapa Sumbawanga, na zamani nilikuwa nawajibu. Nilikuwa nasimama kabisa, naeleza kwamba gari halilali kituoni likiwa tupu, kwamba tangi likifunguliwa kwa nguvu linakwisha upesi, na anayefika mwishoni ndiye anayetukuta tumemaliza maji akadhani tulikuja mikono mitupu. Siku hizi sijibu. Kuna siku gari lilikuwa tupu kweli, na kosa halikuwa la tangi.

Ilikuwa kiangazi, ule wakati upepo wa Ufipa unavuma tangu asubuhi na vumbi linaingia mpaka kwenye ugali. Mjini kulikuwa na ugeni. Mkubwa mmoja alikuwa anakuja kuhutubia, na uwanja aliopangiwa hauna hata unyasi. Basi, jamani, ikaamuliwa zimamoto wakaumwagilie, mgeni asije akala vumbi. Gari lenyewe ni moja. Nikamuuliza mkuu wangu kwa adabu zote, "Mkuu, na likitokea la kutokea?" Akaniambia amri imetoka juu, na yeye mwenyewe haipendi. Nikawasha gari.

Tukamwaga maji. Mtu mzima na akili zangu, na mafunzo yote niliyopitia, nazunguka uwanjani nanyeshea udongo kama bustani ya mchicha, na watoto wa shule waliotolewa madarasani kuja kumpokea mgeni wanashangilia wakirushiwa matone. Tangi likiwa limebaki na maji kidogo, redio ya gari ikaita. Moto huko Mollo, pembezoni mwa mji. Jiko la nje la mama mmoja, lililoezekwa nyasi, limeshika, na upepo unausukuma moto kwenda kwenye nyumba. Upande wa mwisho wa nyumba kuna stoo, na humo ndani kuna mahindi yake ya mwaka mzima na ulezi wa mbegu. Mama ni mjane, analea wajukuu, hana kingine. Watu wote wametoka salama. Mwenzetu wa kituoni alishawaambia kwa simu kile tunachowaambia wote: kaeni mbali, msiingie ndani, gari linakuja.

Nikazima pampu, nikageuza gari. Getini nikamkuta bwana mmoja wa kamati ya mapokezi, suti safi, kitambulisho kifuani, amesimama katikati ya njia kanyoosha mkono.

"Mnaenda wapi? Mbele ya jukwaa hamjamaliza."

"Kuna moto, bosi."

"Mgeni ameshakaribia. Malizieni hapo mbele kwanza, ni padogo tu."

Nikapiga honi. Hakusogea. Koplo aliyekaa pembeni yangu akampigia mkuu, mkuu akampigia mwingine, na jibu likarudi: malizieni, halafu mwende. Eti malizieni! Hasira zilinipanda. Ningefanyaje, nimgonge? Tukarudi, tukamwaga yaliyobaki mbele ya jukwaa, na yule bwana anatuonyesha kwa kidole sehemu tulizoruka. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sijui walikuwa wanapokea wageni wa namna gani. Tangi likawa kavu, ikabidi twende kujaza, na bomba la mjini siku hiyo lilikuwa linasuasua.

Njiani kuelekea Mollo nilijiandaa kupigwa mawe. Si mara ya kwanza, kioo cha upande wangu kilishawahi kuvunjwa. Nilijua nitakuta vurugu: watu wanabeba magodoro, wanakimbia huku na huku, wanatutukana kabla hatujashuka. Hakukuwa na kelele yoyote. Watu walikuwa wamejipanga mstari ng'ambo ya barabara, mbali kabisa na moto, kama tulivyowafundisha tulipokwenda kutoa elimu. Miguuni pao kulikuwa na ndoo zimejaa maji mpaka juu, hata moja haikuwa imemwagwa. Pembeni alisimama jirani wa yule mama, Msukuma mfugaji, na ng'ombe wake wawili wamefungwa nira. Mkokoteni nyuma yao ulikuwa mtupu.

Nyumba ilikuwa imekwisha. Bati zimelala chini, kuta zinafuka. Kwenye stoo magunia yalikuwa yameungua yakapasuka, na mahindi yamebaki rundo jeusi linalotoa harufu ya mahindi ya kuchoma. Harufu nzuri, Mungu anisamehe. Tukavuta mipira, tukazima vilivyobaki. Ilikuwa kazi ndogo sana.

Yule mfugaji akanijia. "Afande, mlikuwa wapi?"

Macho yangu yakaenda kwenye mkokoteni wake.

"Mimi nilishafika na ng'ombe wangu mpaka mlangoni pa stoo," akasema. "Moto ulikuwa bado uko kule jikoni. Na wanaume tulikuwa wa kutosha, magunia yote tungeyatoa. Mwenyekiti akasema zimamoto wamekataza, tusubiri."

Mwenyekiti wa mtaa alikuwa palepale, kofia mkononi. "Ndivyo nilivyoambiwa kwenye simu," akasema. "Nikawazuia wote. Huyu mama alitaka kuingia, nikamvuta mkono mimi mwenyewe." Akaanza kulia, mzee mzima, mbele ya watu wake.

Roho iliniuma, nasema kweli. Laiti wangekuwa wabishi! Laiti wangetudharau kama wale wa sokoni, mama huyu angekuwa na chakula. Au kama sisi tungetoka kituoni moja kwa moja, tangi limejaa, maneno yale ya kwenye simu yangekuwa sahihi kabisa. Walituamini, basi, ndiyo dhambi yao. Na wakati huo mjini mgeni anahutubia, na nguo zake safi.

Mama mwenyewe alikuwa amechuchumaa kando ya rundo, anachokoa kwa kijiti kutafuta punje ambazo hazijaungua. Alikuwa ameshapata chache, amezifunga kwenye ncha ya khanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Poleni na kazi."

Pole ananipa yeye! Nikamwambia pole sana mama, pole sana. Akaacha kuchokoa, akaniangalia. Hakuwa na kejeli hata kidogo, aliuliza kama mtu anayetaka kujua tu.

"Sasa mwanangu, siku nyingine moto ukitokea, tusubiri au tusisubiri?"

Watu wote wakanigeukia. Koplo alikuwa nyuma yangu akikunja mpira, akasimama kusikiliza. Mafunzoni jibu la swali hilo ni moja, subirini, na ndilo ninalowaimbisha watoto wa shule kila tunapoalikwa.

"Msisubiri, mama," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa, kisha akamgeukia mwenyekiti kuhakikisha kwamba naye amesikia.