Mia Iliyomshusha Araceli

Lonnie Kubala alifundisha kuchomelea vyuma katika sekondari ya Kosarek, Texas, kwa miaka thelathini na mmoja. Mageti mengi ya mashamba ya upande ule yametengenezwa na wanafunzi wake, na kila tela la ng'ombe lililotoka karakanani alilikagua mwenyewe, kiungo kwa kiungo, akiguna. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Wanafunzi walisema Kubala akikuambia "inafaa", nenda kawaite ndugu zako mfanye sherehe.

Somo lake lilikuwa na dosari moja ambayo haikutoka kwake. Shuleni pale, mia katika somo la juu kama fizikia ilihesabiwa pointi tano. Mia katika somo la kawaida ilihesabiwa nne, na kuchomelea lilikuwa somo la kawaida. Kwa hiyo mtoto mwenye wastani wa nne nukta nane akija kwa Kubala akapata mia, wastani unashuka. Asipokuja, akakipitisha kipindi hicho maktaba akipiga miayo, haushuki. Watoto wa nafasi za juu waliling'amua hilo mapema. Kila Agosti, mwaka wa masomo ukianza, walimuaga mmoja mmoja, kwa adabu, naye akawatilia saini fomu za kuondoka bila kuuliza neno.

Araceli Bocanegra hakuwa na mtu wa kumfafanulia hesabu hiyo. Baba yake, Mzee Eusebio, alikuwa akizungushia uzio mashamba ya watu, na nyumbani kwao hakuna aliyewahi kumaliza sekondari. Mwaka wa kwanza alisoma kuchomelea ili amsaidie baba yake, na mkono wake ukatulia kama wa fundi mkongwe. Kufikia mwaka wa mwisho alikuwa akiwania nafasi ya kwanza ya shule nzima. Anayeshika nafasi hiyo husamehewa ada ya mwaka mzima katika chuo cha jimbo, na Mzee Eusebio alishaanza kuitaja kanisani kana kwamba imekwisha kufika mezani.

Agosti ya mwaka huo Araceli alisimama mlangoni mwa karakana na fomu ya kujiandikisha mkononi.

"Mwalimu, kuna msichana wa fizikia ananicheka. Eti niachane na vyuma, nitauharibu wastani."

"Mara ya mwisho ulipata ngapi kwangu?"

"Mia."

"Mia imeshamdhuru nani?"

Araceli akacheka. "Ndivyo nilivyomjibu! Nikamwambia, shoga, wewe unaogopa kucha zako tu."

Akaandika jina. Lilikuwa la kumi na tano, na mkuu wa shule alikuwa ametangaza kwamba darasa la mwaka wa mwisho lisilofikisha wanafunzi kumi na watano litafungwa. Kubala alijua hilo. Aliijua vizuri pia hesabu ya wastani. Aliipokea fomu, akaikunja, kisha akawasha mashine ya kunolea ili mazungumzo yaishie hapo.

Mwezi wa Aprili, siku moja kabla ya nafasi kutangazwa, Bi Ofelia Treviño, karani anayetunza alama za wanafunzi, alimwita ofisini kwake.

"Funga mlango, Lonnie. Kaa."

"Nimechafuka."

"Basi simama. Wa kwanza ni Garrett Schomburg, nne nukta saba nane sita. Araceli wa pili, nne nukta saba saba moja." Akaigeuza kompyuta imtazame Kubala. "Nilijaribu tu kuliondoa somo lako la mwaka huu. Tazama. Nne nukta nane kamili. Angekuwa mbele."

"Haliwezi kurekebishwa?"

"Nirekebishe nini? Hakuna kosa. Ulimpa mia, na mia ndiyo iliyoandikwa."

"Garrett aliacha somo la kwaya."

"Aliacha. Mama yake alikuja hapa na peni yake, tukapiga hesabu pamoja somo kwa somo. Kwa ajili ya Araceli hakuja mtu."

Kubala hakusubiri tangazo. Shule ilipofungwa alasiri aliendesha gari moja kwa moja hadi kwa Bocanegra. Mzee Eusebio alikuwa uani akigeuza nyama kwenye jiko la mkaa, Araceli amekaa kwenye ngazi na vitabu vyake.

"Mwalimu! Umekuja kula au umekuja kumsifu?"

Kubala akasema. Alianza na nafasi ya pili, akamalizia na somo lake.

"Ngoja kwanza," Mzee Eusebio akasema. "Kwako alipata ngapi?"

"Mia."

"Kuna inayozidi mia?"

"Hakuna."

"Sasa mtu anashushwaje na mia? Ile ni shule au meza ya karata?"

Kubala akamwonyesha kwa vidole, vitano vya fizikia na vinne vya vyuma. Akarudia. Mzee Eusebio alivitazama vidole vile huku nyama ikiungua, hakuigeuza.

Araceli alikuwa amefunga kitabu. "Siku ile ya fomu, Mwalimu. Ulijua?"

"Nilijua. Walikuwa kumi na wanne. Nilikuhitaji wewe."

Araceli akakiweka kitabu ngazini. "Huenda ningebaki tu," akasema. "Naipenda kazi ile. Lakini ningechagua mwenyewe. Sasa hata mimi sijui ningefanya nini."

Akainuka akaingia ndani. Hakuna aliyemwambia Kubala akae, wala aliyemfukuza.

Agosti iliyofuata Araceli alianza chuo kidogo cha miaka miwili kilicho karibu na kwao, akilala nyumbani. Kubala, kabla ya mtu kugusa fomu, aliandika hesabu yote ubaoni: tano, nne, na mfano wa mia inayoshusha.

"Mwalimu, unatukaribisha au unatutimua?" akauliza msichana wa mstari wa nyuma.

"Nawaambia mjue. Chagueni."

Wanne walichukua mikoba yao, wakaomba radhi, wakatoka. Mchana alipeleka orodha kwa Bi Treviño. Karani alihesabu majina kwa ncha ya kalamu, akainua uso.

"Lonnie, hawa ni kumi na mmoja."

"Ndio hao."

"Mkuu atalifunga darasa. Ungenyamaza tu, wangetimia."

"Gonga muhuri, Bi Treviño."

Akagonga.